Matundu kwenye Shina: Mjue Aliyetoboa Kabla ya Kununua Dawa

Mti wa avokado ulio nyuma ya jikoni umeanza kumwaga unga wa mbao. Shina lina matundu, na kila anayeingia bomani ana ushauri wake. Jirani anasema lipakwe oili chafu ya gari. Shemeji anasema mti ukatwe kabla haujaangukia bati. Muuzaji wa agroveti, hata kabla ya kuuliza ni mti gani, ameshashika chupa.

Usitoe pesa bado. Kwa boma la kawaida la Kitale au Bungoma, hasara kubwa haitoki kwenye dawa inayofaa. Inatoka kwenye dawa isiyofaa, inayonunuliwa mara mbili tatu huku mdudu akiendelea kula. Dawa inayomwagwa ardhini kuzuia mchwa haimfikii funza aliye ndani ya gogo. Dawa ya kunyunyizia majani haifiki katikati ya shina. Na tundu ambalo mdudu wake ameshatoka halihitaji dawa yoyote.

Kutambua aliyetoboa hakuna malipo. Kunataka kisu, sarafu, simu yenye kamera na asubuhi chache za kuangalia. Bei nitakazotaja hapa ni makadirio kwa shilingi za Kenya. Zitumie kulinganisha njia moja na nyingine, na uulize maduka mawili kabla ya kulipa.

Je, ndani kuna kitu?

Jioni, fagia unga wote ulio chini ya mti na ule ulionata kwenye gome. Ziba kila tundu kwa udongo laini au kipande cha sabuni ya mche. Asubuhi rudi uangalie. Ukikuta kizibo kimesukumwa nje, au unga mpya umeanguka, kuna kiumbe ndani na anakula. Zikipita siku tatu nne kizibo kiko palepale, kingo za tundu ni za kijivu na gome limeanza kujifunga pembeni, aliyekuwemo aliondoka zamani.

Hapo umeokoa pesa yote. Wadudu wengi watobozi wa miti hukaa ndani wakiwa funza, kisha hutoka wakiwa wamekomaa na wana mabawa. Tundu unaloliona nje mara nyingi ndilo alilotokea. Anayekuuzia dawa ya tundu la namna hiyo anakuuzia kufuli la nyumba iliyohamwa.

Kama kuna dalili ya uhai, piga picha ukiwa umeweka sarafu ya shilingi kumi kando ya tundu ili ukubwa uonekane. Piga nyingine ya unga, na nyingine ya mti mzima kutoka mbali. Picha hizo tatu zitakusaidia kuliko maelezo yoyote utakayotoa kwa mdomo dukani.

Alama za kila mmoja

Tundu la mviringo, safi, linaloweza kupokea kalamu ya biro au kidogo zaidi, na unga mkavu unaomwagika chini: mshukiwa wa kwanza ni mbawakawa mweusi, yule wataalamu wanayemwita Apate. Urefu wake ni kama sentimita moja na nusu hadi mbili, mwili mviringo, mgumu na mweusi. Utamkuta kwenye avokado, mpera, mchungwa, kahawa na miti mingine mingi.

Huyu ana tabia moja inayobadilisha hesabu yako yote. Anayetoboa mti mbichi ni mbawakawa mzima, akitafuta chakula. Mayai yake huyataga kwenye miti na matawi yaliyokufa, na watoto wake hukulia humo. Kwa hiyo shida ya avokado lako huenda imeanzia kwenye rundo la kuni lililoegemezwa shinani, au kwenye matawi ya msimu uliopita yaliyotupwa kwenye ua wa miti. Unaweza kununua dawa kila mwezi, na kama kuni hizo bado ziko palepale, wengine wataendelea kutoka. Kuhamisha kuni hakuna gharama ila jasho, na kati ya yote nitakayoyataja leo, hilo ndilo lenye faida kubwa kuliko bei yake.

Kwenye kahawa mambo ni tofauti. Watu wa Kimilili, Chwele na miteremko ya Mlima Elgon wanaobakiza miche michache nyuma ya nyumba wanamjua kipekecha shina mweupe. Jike hutaga kwenye gome la chini, karibu na udongo. Funza huanza kwa kula chini ya gome akilizunguka shina, halafu huingia ndani ya mti, na anaweza kukaa humo zaidi ya mwaka, mara nyingine karibu miwili, kabla ya kutoka kupitia tundu la mviringo. Dalili ya mapema ni maranda ya mbao chini ya mti na majani yanayogeuka manjano wakati miti jirani ni ya kijani. Ukisubiri kuona tundu kubwa, umeshachelewa kwa mti huo. Pesa zako zipeleke kwenye miti iliyobaki.

Matundu yanayoambatana na utando wa nyuzi uliochanganyika na chengachenga za gome na kinyesi, hasa pale tawi linapoachana na shina, ni ya kiwavi mla-gome. Mchana hujificha ndani ya tundu fupi, usiku hutoka kula gome lililo chini ya utando wake. Jamaa zake wa huko pwani wamekausha matawi ya mikoko kwenye ghuba za Kenya, kwa hiyo usimdharau. Lakini ni rahisi kumshughulikia: ng'oa utando kwa brashi ngumu, tundu litaonekana, na waya utamfikia.

Mchwa huacha udongo. Hiyo ndiyo alama yake, na hakuna mdudu mwingine wa shina anayekuachia njia za matope zinazopanda kwenye gome kutoka ardhini. Bandua kidogo: ukikuta gome lililokufa tu ndilo limeliwa na mti chini yake ni mbichi na mgumu, mchwa wanafanya usafi na mti hauna neno. Gonga shina kwa nyuma ya panga. Likitoa sauti ya mtungi mtupu, wameingia ndani. Miche michanga ya grivilea na mkaratusi ndiyo inayoumia zaidi, na huumia miezi ya ukame, Desemba hadi Februari, kwa sababu wakati huo mti una kiu na mchwa hawana chakula kingine kingi.

Mkaratusi mkubwa wenye matundu ya umbo la yai, si mviringo kamili, umeliwa na mbawakawa mwenye papasi ndefu kutoka Australia, ambaye amefika karibu kila mahali mkaratusi ulipopandwa duniani. Hushambulia mti wenye kiu au uliojeruhiwa, pamoja na magogo yaliyolala chini bila kumenywa. Kwa huyu sikushauri utumie hata shilingi mia moja ya dawa. Mti ukiwa umefikia unene wa nguzo, uuze. Mkaratusi huchipua tena kisikini.

Sasa matundu madogo kabisa, membamba kuliko ncha ya biro, mengi kwa pamoja. Hapa nakuomba uwe makini kuliko kote. Afrika Kusini, mwaka 2017, iligundulika kwamba mbawakawa mdogo kutoka Asia, asiyefika hata milimita tatu, ameingia kwenye miti ya bustani na ya mijini. Tundu lake halifiki milimita moja. Haendeshwi na njaa ya mbao: hubeba kuvu anaoupanda ndani ya mti ili watoto wake waule, na ni kuvu huo unaoziba mishipa ya maji na kuua mti. Avokado ni mojawapo ya miti anayoipenda. Jirani zetu Uganda nao wana ndugu yake mweusi anayetoboa vijiti vya kahawa, aliyeripotiwa Bundibugyo mwaka 1993. Ukiona alama hizi, usikate matawi ukayapeleka kwa dada yako Webuye yawe kuni. Yaache hapo hapo, piga picha, na utafute mtaalamu.

Usitishwe, hata hivyo, na weupe peke yake kwenye gome la avokado. Maji ya mti wa avokado yakitoka kwenye jeraha lolote hukauka yakawa unga mweupe wenye sukari. Msumari wa kamba ya nguo hufanya hivyo, na panga pia. Kwangua unga huo, angalia chini yake. Kama hakuna tundu, hakuna mdudu.

Ndege na nyuki nitawapitia haraka. Kigong'ota hutoboa akitafuta funza, au huchimba kiota kwenye tawi lililooza. Matundu yake hayana mpangilio na kingo zake zimechanika. Yeye si ugonjwa, anakuonyesha ulipo. Nyuki wakubwa weusi wanaovuma peke yao hutoboa mbao kavu, kwa hiyo wakikaa kwenye mti wako, basi wamo kwenye tawi lililokufa, na tawi hilo ndilo la kukata. Nyuki wadogo wasiouma huingia kwenye uwazi uliokuwapo na hujenga mrija wa nta mlangoni. Hao waache. Asali yao inatafutwa Magharibi yote, na hawajatoboa chochote.

Tahadhari moja kuhusu simu. Ukitafuta matundu ya mti kwenye intaneti, majibu mengi ya mwanzo ni ya Marekani. Utaonyeshwa ndege anayepanga matundu kwa mistari iliyonyooka, ndege ambaye huku hayupo. Utaonyeshwa mbawakawa wa kijani aliyeonekana Michigan mwaka 2002 na akaua mamilioni ya miti ya huko, na vifaa vya kudunga dawa vilivyotengenezwa kwa ajili ya mti usioota bomani kwako. Ukilipia kifaa hicho, nauli ya kukileta na ushuru, umelipa gharama ya shamba la miche.

Njia ya spoki

Kwa mbawakawa mweusi, kipekecha wa kahawa na kiwavi mla-gome, njia ya kwanza ni spoki ya baiskeli. Bungoma hakuna soko linalokosa fundi baiskeli, na spoki moja ni shilingi kumi hadi ishirini. Ya zamani utapewa bure. Inyooshe, pinda ncha iwe ndoano ndogo, ingiza polepole ukifuata mkondo wa tundu, zungusha na uvute. Ukisikia kitu laini na ncha ikitoka na majimaji, umempata.

Tundu likiwa refu au limepinda, spoki haitoshi. Chovya pamba kidogo kwenye mafuta ya taa, isukume ndani, kisha ziba kwa udongo au sabuni. Pamba ya shilingi hamsini itatosha miti yote ya boma. Weka kidogo tu: mafuta ya taa mengi huunguza sehemu hai ya mti, na utakuwa umeua ulichotaka kuokoa. Rudi baada ya wiki. Kizibo kikiwa salama, kazi imekwisha.

Udhaifu wa spoki ni muda. Mti wenye matundu matano ni kazi ya asubuhi moja. Wenye matundu hamsini ni kazi isiyoisha, na kwa kweli mti huo umeshaelemewa.

Njia ya pili ni dawa ya wadudu inayoingizwa tunduni kwa sindano ya dukani. Sindano ni shilingi kumi au ishirini. Chupa ndogo ya dawa ni kati ya mia mbili na hamsini na mia sita, kutegemea aina. Hadi hapo inaonekana nafuu, lakini ongeza glavu na barakoa, shilingi mia au mia mbili. Ongeza matunda utakayolazimika kuacha kuvuna kwa siku zilizoandikwa kwenye kibandiko. Ongeza ukweli kwamba chupa nzima utaitumia robo, na robo tatu zitabaki nyumbani zikitafuta mtoto wa kuzigusa. Kwa miti miwili mitatu, dawa ya sindano inashinda spoki pale tu matundu ni marefu na mti una thamani.

Kunyunyizia shina kwa bomba la mgongoni ndiyo njia inayouzwa sana na yenye faida ndogo kwa tatizo hili. Utakodi bomba, utamlipa kijana wa kunyunyizia, utanunua dawa kwa wingi, na funza atabaki ndani akiwa mkavu. Ina maana tu kwa kiwavi mla-gome ambaye hutoka usiku, na hata huyo brashi inamweza.

Kwa mchwa, bomoa njia za udongo, ondoa kuni na mabaki ya mimea yaliyogusana na shina, mwagilia mti miezi ya kiangazi. Majivu kuzunguka mche husaidia hadi mvua inyeshe, kisha lazima urudie. Dawa ya kumwaga ardhini ina nguvu zaidi na hudumu, ila ni ghali kuliko ya sindano kwa sababu kiasi kinachohitajika ni kikubwa, na haifai kabisa karibu na kisima. Visima vingi vya maboma ya Bungoma havina kina kirefu. Kama mti uko hatua chache kutoka kisimani, kubali majivu na maji, hata mti ukifa.

Kwa kahawa, kabla msimu wa mayai haujafika, sugua gome la chini kwa gunzi la mahindi au gunia kuukuu hadi liwe laini. Mdudu hupenda nyufa za kutagia. Magunzi Trans Nzoia hayanunuliwi.

Vya rahisi vinavyokuja kudai baadaye

Oili chafu haiponyi tundu. Huziba pumzi ya gome, huingia kwenye udongo, na kwenye mti mchanga huua gome lenyewe. Aliyekupa bure hakukusaidia.

Saruji ndani ya tundu kubwa ilikuwa mtindo wa zamani hata Ulaya na Marekani, na watunza miti wa huko waliiacha. Mti hucheza kwa upepo, saruji haichezi. Nyufa hutokea, maji huingia, na uozo huendelea mahali usipoweza kuuona. Halafu siku ya kukata, mnyororo wa msumeno ukigonga saruji, fundi atakudai mnyororo mpya, na atakuwa na haki. Tundu lililooza likwangue, liache wazi likauke. Mfuko wa saruji uende kwenye nyumba.

Na sasa jambo ambalo nalisema kwa uzito wote nilio nao. Hii ni nchi ya mahindi. Vidonge vya kufukiza ghala vinapatikana kwa urahisi Kitale, Kiminini, Kamukuywa na kila palipo na magunia, na kuna watu wanaoshauri kimoja kiingizwe tunduni na kuzibwa. Usikubali. Kidonge hicho kikikutana na unyevu hutoa gesi ya fosfini, nayo huua mtu kama inavyoua mdudu. Mti wa bomani uko hatua chache kutoka kwenye dirisha la chumba cha watoto, na tundu la mti hujui linatokea wapi upande wa pili. Hakuna avokado lenye thamani hiyo. Ukiona muuzaji anakufungia kidonge kimoja kwenye karatasi, ondoka kwenye duka hilo.

Vivyo hivyo kwa dawa inayopimwa na kumiminwa kwenye chupa ya soda. Ni nafuu kwa sababu haina kibandiko, na bila kibandiko hujui ni dawa gani, kipimo chake, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, wala cha kumwambia daktari mtoto akiinywa. Dawa halali nchini lazima isajiliwe na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu, PCPB, na namba ya usajili huandikwa kwenye kibandiko pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Isome mbele ya muuzaji kabla hujalipa. Kama chupa nzima huimudu, changieni majirani wawili watatu wenye shida hiyohiyo na mnunue moja iliyofungwa.

Ushauri wa bure uko wapi

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, maafisa wa kilimo wa wadi wako chini ya kaunti, na ushauri wao hauna ada. Anza kwa afisa wa wadi yako, iwe Trans Nzoia au Bungoma. Ana maeneo mengi na huenda hana usafiri, kwa hiyo usingoje aje. Mpelekee picha tatu kwa simu, au nenda ofisini na tawi lililotobolewa na mdudu ndani ya chupa yenye kifuniko. Gharama yako ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi. Akihitajika kuja, mkubaliane nauli mapema ili pasiwe na maneno mwishoni.

Watu wa Kitale wana bahati ya kuwa na kituo cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo, KALRO. Kwa miti ya mbao na kuni, wenye ujuzi ni Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, yenye makao makuu Muguga. Kwa kahawa, anzia kwenye chama chako cha ushirika. Chupa ya mdudu na picha ikitumwa kwa gari la vifurushi ni mia chache tu. Linganisha na chupa tatu za dawa za kubahatisha.

Ukifikiria kukata

Kuna mti ambao hautibiki. Shina likitoa sauti ya utupu kuzunguka zaidi ya nusu yake, uyoga ukiota kwenye gome, au mti ukianza kuinamia nyumba huku udongo wa upande wa pili ukipasuka, acha hesabu za dawa. Mti huo ukatwe, na usingoje mvua za Machi zilainishe udongo na kuleta upepo.

Mti ulio wazi, wa unene wa wastani, fundi wa msumeno wa injini anaweza kuuangusha kwa elfu mbili hadi tano. Mti uleule ukiwa kati ya nyumba na choo, unaolazimika kushushwa tawi kwa tawi kwa kamba, unaweza kufika elfu kumi na kupita. Tofauti hiyo ni ya haki, kwa sababu aliye juu ya mti anahatarisha maisha yake. Usimchague anayetaja bei ndogo kisha aangushe mti wote kwa mkupuo mmoja ukiomba Mungu.

Bei anayotaja mara nyingi ni ya kuangusha tu. Uliza yafuatayo kabla injini haijawashwa: petroli na oili ni za nani? Je, kukata magogo vipande vya kuni kumo? Nani ataondoa matawi? Wasaidizi wanalipwa na nani, na chakula cha mchana? Kisiki kitang'olewa au kitaachwa? Kisiki peke yake kinaweza kudai siku nzima ya vijana wawili wenye jembe na shoka, na kikiachwa karibu na msingi wa nyumba kitawaalika mchwa. Na bati likivunjika, nani analinunua? Andikeni kwenye karatasi, hata kama ni daftari la mtoto, mbele ya shahidi.

Kisha magogo. Fundi akisema atakata bure ili achukue mti, pima kwanza ni mti gani. Avokado ni kuni tu, na huenda makubaliano hayo yakakufaa. Grivilea iliyonyooka ni mbao, na mkaratusi ni nguzo: hapo wewe ndiye unayelipa bila kujua. Dalali naye akionyesha tundu moja na kukata nusu ya bei, mwambie apime urefu ulio salama juu na chini ya tundu hilo. Mtobozi mara nyingi ameharibu kipande, si mti wote.

Kuhusu sheria, usikate mti wa kiwanja cha mjini kabla ya kuuliza ofisi ya manispaa, na ukitaka kusafirisha magogo au mbao barabarani utahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Lori likisimamishwa bila karatasi, faini na siku za kusubiri zitameza faida. Waya za umeme zikipita kwenye matawi, ripoti kwa kampuni ya umeme kabla ya kumruhusu yeyote kupanda. Wenye mashamba wakumbuke pia kwamba kanuni za mwaka 2009 zilitaka asilimia kumi ya shamba iwe na miti, kwa hiyo panga utakachopanda badala yake.

Kutibu au kupanda mwingine?

Fanya hesabu rahisi. Tuseme avokado lako la kienyeji lilikupa matunda 300 msimu uliopita, na dalali hununua kwa shilingi tano. Hiyo ni 1,500. Spoki na pamba havifiki mia moja, kwa hiyo tibu bila kusita. Dawa ya sindano pamoja na glavu inaweza kufika mia nane, karibu nusu ya mapato ya msimu huo: tibu kama mti una afya kwingineko. Mtu akikudai elfu mbili kwa "huduma kamili" ya kunyunyizia, mti huo hauilipi.

Mche wa Hass uliounganishwa ni kati ya shilingi mia moja na mia mbili hamsini kwenye vitalu vya Kitale na Bungoma, na utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Nunua kwenye kitalu unachoweza kurudi kulalamika, si kwa mtu anayepitisha miche barabarani. Kagua shina la mche wenyewe: kiungo kiwe kimeshikana, gome lisiwe na tundu wala jeraha, mizizi isiwe imetoboa mfuko na kuzunguka chini. Usiupande kwenye shimo la mti uliokufa, na usiuegemeze kwa kijiti kibichi cha mkaratusi kilichokwisha kutobolewa.

Kama unasoma haya wakati wa kiangazi, una nafasi nzuri. Fagia unga leo jioni, ziba matundu, hamisha kuni. Ikifika wiki ijayo utajua kama unahitaji spoki, afisa wa wadi au fundi wa msumeno, na mvua zikianza shimo jipya litakuwa limeshachimbwa na kuwekwa samadi.